Graundi na Kokpiti, Ikolo

Mke wangu Doreen ana neno moja asilolitamka, na neno lenyewe ni jina la baba yangu. Baba anaitwa Aliko. Kwa Kinyakyusa maana yake ni "yupo", yaani Mungu yupo, na ni jina zuri tu, halina ubaya wowote mpaka uolewe na mtoto wake. Nyumbani kwetu Ikolo mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hali naye, hamtazami usoni, na wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Siku hizi familia nyingi zimeacha. Yetu haijaacha, kwa sababu baba akishika kitu, kumwachisha ni kazi.

Sasa fikiria shida ya Kiswahili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo niliigundua mapema. Mtu akimuuliza Doreen nilipo, hajibu "sijui aliko". Anasema "sijui alipo", na wenzake kazini wanadhani ni sarufi nzuri aliyofundishwa na mumewe. Lakini si hilo tu. Hawezi kusema mtu alikohoa, wala alikonda, wala alikopa. Hawezi kusema mtu alikoboa mpunga, na huo ni mkosi mtupu, maana baba kazi yake ni mashine ya kukoboa. Kubwa kuliko yote, hawezi kusema kwamba mtu fulani alikosea. Miaka saba ya ndoa nimekosea mengi, na Doreen hajawahi kumwambia mtu yeyote "Godwin alikosea". Husema, "Hakupatia." Mwanzoni nilidhani ni upole wake. Siyo upole, ni baba. Mimi mwenyewe ananiambia "umekosea" bila shida yoyote, tena mara nyingi.

Doreen ni mzaliwa wa Mwaya. Mama yake alikuwa na pampu ndogo ya petroli ya kunyweshea bustani, na pampu ile ilikuwa na kiburi. Watu wazima walivuta kamba mpaka bega likauma, ikakataa. Doreen alipokuwa na miaka kumi alisimama akaitazama, akawaambia waiache kwanza ipumue. Wakamcheka. Wakaenda kunywa uji, waliporudi akavuta kamba mara moja ikawaka. Aliniambia kisa hicho siku ya pili tangu tulipojuana, kama watu wengine wanavyokwambia wamesoma wapi. Leo ni fundi wa ndege, uwanja wa Songwe. Mimi nafundisha Mbalizi, na tunakaa huko. Asubuhi nabeba chaki, yeye anabeba tochi na hedifoni kubwa za kijani zinazoziba masikio yote.

Kazi yake siwezi kuieleza kwa ukamilifu, ila sehemu moja naijua vizuri kwa sababu nilitumwa kuiulizia kwa miaka saba. Ndege inapotaka kuwasha injini, Doreen husimama chini karibu na pua yake, amechomeka waya wa hedifoni kwenye tundu la ndege, anaongea na rubani aliye juu. Hawaonani. Yeye anaona matairi na tumbo la ndege, rubani anaona vioo na saa zake za kupimia injini. Huongea kwa Kiingereza kifupi chenye maneno yaliyopangwa. Yeye huitwa Graundi, na aliye juu huitwa Kokpiti. Hakuna majina ya watu.

Na aliyenituma kuiulizia ni baba.

Lazima umwelewe baba. Kwa miaka thelathini na kitu amekuwa na injini ya dizeli, ya kijani, yenye gurudumu zito ubavuni, inayowashwa kwa hendeli. Unainua kijiti cha juu ili isibane hewa, unazungusha hendeli, inaanza kuhema, unaongeza kasi, halafu unaangusha kijiti: pu! Ikishika, unachomoa hendeli haraka. Kidole gumba hakizungushwi kwenye hendeli, kinalala pamoja na vingine, maana injini ikirudi nyuma inavunja mkono. Baba hakumwachia mtu yeyote kazi hiyo. Alikuwa akisikiliza pumzi ya tatu au ya nne ndipo anaangusha kijiti, na alijua kwa masikio tu kama siku hiyo mafuta ni mazuri au yamechanganywa.

Halafu mtu huyo akaletewa mkamwana anayewasha injini za ndege, na mila ikamkataza kumuuliza. Ni sawa na kumfungia mlevi kwenye kiwanda cha bia na mdomo umeshonwa.

Kwa hiyo aliniuliza mimi. Kila tulipokwenda Ikolo, kabla sijamaliza kusema ndaga, neno letu la salamu na la shukrani, alikuwa na swali lake tayari.

"Muulize, hendeli ya ndege anazungusha nani?"

Nikaenda jikoni nikauliza. Doreen akasema ni upepo. Nikarudi barazani. "Anasema ni upepo."

"Upepo upi? Wa ziwani?"

Nikarudi jikoni. Doreen akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. Akasema ni hewa iliyosukumwa kwa nguvu kwenye bomba. Inazungusha kigurudumu, kigurudumu kinazungusha mhimili wa ndani wa injini. Hewa hiyo inatoka kwenye injini nyingine ndogo iliyoko mkiani.

"Na hiyo ndogo nani anaiamsha?"

"Betri, baba."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Kumbe mkubwa anaamshwa na mdogo," akasema, akaenda zake kulala akiwa na raha kabisa. Safari iliyofuata aliuliza cheche zinaingia lini. Safari nyingine, kwa nini wasiwashe zote mbili kwa pamoja. Mwaka jana wakati wa kuvuna kakao aliuliza lile ambalo nadhani alilikusudia tangu mwanzo.

"Muulize, nani anasikiliza?"

Jibu lilikuwa refu, na Doreen alinifanya nilirudie mara tatu kama mwanafunzi. Anayesikiliza ni kompyuta ya injini. Rubani anageuza swichi tu, kisha anatazama. Kompyuta inafungua hewa, mhimili unazunguka, ukifikia kasi yake inatia cheche na mafuta, halafu inalinganisha vitu viwili: joto na kasi. Joto likipanda na kasi ikapanda, ni heri. Joto likipanda upesi kupita kiasi, inakata mafuta. Moto ukishika lakini kasi ikakwama njiani, inakata mafuta. Haing'ang'anii. Inaacha injini izungushwe na hewa tupu ili mafuta yaliyobaki yapeperuke, halafu inajaribu tena. Ikishindwa, inasimama na kumwambia rubani.

Baba akakunja uso. "Kama kompyuta inasikiliza yote, yeye anasimama pale chini kufanya nini?"

Nilipomfikishia swali hilo Doreen hakucheka. Alisema kompyuta haina jicho la nje. Mafuta yakivuja chini ya injini, huenda haijui. Na mafuta yakituama kwenye bomba la nyuma yakashika moto huko, saa zote za rubani zinaweza kuonyesha hali njema huku nyuma kunawaka. Wa kusema ni yule aliye chini. Alishaona mara moja, akiwa mafunzoni. Alisema maneno matatu kwenye hedifoni, rubani akakata mafuta, akaacha hewa izungushe mpaka moto ukapulizika, basi.

"Na rubani alimwamini bila kumwona?" baba akauliza.

"Alimwamini."

"Ee," akasema baba. Hakuuliza tena siku ile.

Sasa mwaka huu. Mvua za masika zilikata barabara, mashine ikalala wiki sita. Mpunga ulipoanza kuingia mwezi wa tano, baba akapiga hendeli, injini ikashika, na hapo hapo ikagoma kuchanganya kasi. Pu, pu, pu, kwa uvivu, moshi mweusi ukifunika paa, kisha ikazima. Akajaribu siku nzima. Fundi akaja kutoka Kyela mjini, akabadilisha nozeli, akasafisha tangi, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, akachukua chake. Injini ikafanya vile vile. Wateja wakaanza kubeba magunia kwenda kwingine.

Mdogo wangu Dickson ana duka la vifaa vya umeme mjini. Si mtu mbaya, ila ana haraka. Alishaleta mota ya umeme, imefungwa kwenye karatasi. "Baba, ni kitufe tu," alisema. "Hata kwenye ndege wanabonyeza. Muulize shemeji." Alishazungumza na mnunuzi wa chuma chakavu wa Njisi. Baba alichoka kubishana, na siku aliyochoka akatoa neno: kama Jumamosi saa sita mchana injini haijakoboa gunia, Fuso, lori la mnunuzi, iichukue. Baba akitoa neno hulishika, ndiyo maana mama alitupigia simu akilia. Mama anaitwa Veronika, na halii ovyo. "Wakiitoa ile, baba yenu atakaa barazani asubuhi mpaka jioni," alisema. "Nami sitaki kumwona hivyo."

Tulifika Alhamisi mchana. Doreen akapita nyuma ya nyumba kama kawaida, akaenda kukaa kwenye mikakao, hatua kama thelathini kutoka mashineni, ukuta ukiwa katikati, nami nikasimama karibu naye. Baba akapiga hendeli. Nilimwona Doreen amefumba macho, vidole vinahesabu gotini. Injini ikashika, ikahangaika, ikazima. Akafumbua macho.

"Mafuta ni mazima," akasema. "Imeshika vizuri kabisa. Kinachokosekana ni hewa. Lile bomba, Godwin, lile refu linalotoka ukutani…"

Niliona anatafuta njia ya kupita. Bomba lile ni fahari ya baba. Pumba za mpunga zilikuwa zikiziba chujio la hewa, akaunga bomba refu la chuma, akalipitisha ukutani, likapanda juu ya paa na kukunja shingo, injini ikavuta hewa safi ya huko. Wenye mashine wengine walikuja kuliiga. Kusema baba alikosea kuliacha bila wavu mdomoni, Doreen hakuweza. Hakuweza kwa heshima, na hakuweza kwa ulimi, maana jina limo ndani ya neno. Akameza sentensi yote, akatoa kipande kimoja kilichobaki.

"Mwambie tatizo ni pumzi."

Nami, mwalimu wa Kiswahili wa miaka kumi na mmoja, nikaenda nikasimama mbele ya baba, jasho likimtoka, mkono umeshika kifua, nikasema: "Doreen anasema tatizo ni pumzi."

Nilipoona uso wake nikajua nimeharibu. Baba amevuta vumbi la pumba miaka thelathini. Anakohoa. Mwezi wa pili alikwenda hospitali, akarudi na dawa, akamkataza mama asituambie. Tulijua wote, naye alijua kwamba tunajua.

"Pumzi yangu?" akasema polepole. "Amekaa huko kwenye mikakao anahesabu pumzi yangu?"

"Baba, siyo…"

"Basi. Mwambie ndaga. Mwambie amepata jibu." Akafunga mlango wa mashine kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kukaa. Nilijaribu kueleza, nikaeleza vibaya zaidi, nikataja bomba. Akasema bomba lile lilivuta hewa kabla Doreen hajaota meno. Hilo halikuwa kweli, lakini si wakati wa kusahihisha.

Ijumaa Doreen hakusema nami mpaka saa nne. Alipofungua mdomo alisema, "Wewe ni hedifoni mbovu. Unapokea kwa sikio moja na kutoa kwa jingine."

"Ningesemaje? Ulinipa neno moja!"

"Nilikupa neno nililokuwa nalo!"

Machozi yalikuwa yanamlenga, nami nikaona haya. Miaka saba nimejidai kuwa daraja kati ya watu wawili, kumbe nilikuwa nafurahia tu kuwa na cha kusimulia. Mama alikuwa anapepeta mchele karibu nasi. Akaweka ungo chini.

"Hivi," akasema, "mila inakataza nini hasa?"

"Mama, unajua. Uso. Jina. Kukaa pamoja."

"Simu ina uso?"

Doreen akaitazama simu yake.

"Bibi yangu alinifundisha mimi mila hii yote," mama akaendelea, "na hakutaja simu hata siku moja. Ukae nyuma ya ukuta wako, naye akae mashineni kwake. Nani amekutana na nani?"

"Na nitamwitaje?" Doreen akauliza. "Nikimwita baba, nitakuwa nimemkabili. Mdomo utakauka."

Akajijibu mwenyewe kabla hatujasema kitu. Nilimwona akijijibu. Uso ulifunguka kama wa mtu aliyeona funguo zake mezani.

"Kokpiti," akasema. "Kokpiti si mtu. Ni kiti."

Nilimpelekea baba wazo la simu, akakataa Ijumaa yote. Jumamosi saa mbili asubuhi Fuso ikafika, mapema kuliko ilivyopatanwa, na vijana wakashuka na minyororo. Dickson akasimama nao, macho chini. Baba akafungua kufuli ili wapime mlango, na nadhani ile minyororo sakafuni ndiyo iliyomgeuza. Akaniita kwa kidole.

"Ile simu," akasema. "Lete."

Nikaleta simu yake, nikampigia Doreen aliyekuwa nyuma ya ukuta wake, nikaweka sauti kubwa, nikamshikisha baba. Sauti ya Doreen ikatoka, si ile ya jikoni. Ilikuwa sauti kavu, ya taratibu, ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia.

"Kokpiti, hapa Graundi. Unanisikiaje?"

Baba akaitazama simu, kisha mimi. "Kokpiti ndiye nani?"

"Ni wewe, baba."

"Na Graundi?"

"Ndiye anayeongea."

Dickson alitaka kucheka, mama akamkata kwa jicho. Baba akaisogeza simu mdomoni.

"Graundi, nakusikia. Sema."

"Kokpiti, naomba hali ya injini. Inashika?"

"Inashika."

"Kasi inapanda?"

"Haipandi. Inakwama."

"Moshi?"

"Mweusi. Mweusi fijo, tii."

"Kokpiti, kwetu hali hiyo kompyuta haiiachi iendelee. Moto umeshika, kasi haipandi, inakata mafuta. Wewe ulifanya nini?"

"Nilikata mafuta," baba akasema, na mgongo ukanyooka kidogo. "Siku ya kwanza nilikata. Fundi wa mjini ndiye alikuwa anaongeza."

"Ulipatia. Mafuta yapo, moto upo, nguvu ya kuzungusha ipo. Kimebaki kimoja ambacho saa zako hazionyeshi. Mimi niko nje, nakiona." Nilisikia pumzi yake kwenye simu, na sikuthubutu kumtazama baba. "Kokpiti, naona nyigu juu ya paa. Wawili. Wanaingia kwenye shingo ya bomba, na wamebeba udongo."

Mmoja wa wale vijana akaacha kuvuta mnyororo. Kusema kweli nilitegemea baba airushe simu. Akatazama mahali bomba linapoingia ukutani, akalifuata kwa macho mpaka darini, kama anaona kupitia bati.

"Wiki sita imelala," akasema taratibu, hakuwa akiongea na mtu. "Na mdomo wazi." Kisha kwenye simu: "Graundi. Bomba hilo niliunga mimi."

"Najua, Kokpiti. Bomba ni zuri. Hata ndege zikilala tunaziba matundu yake, na kila kifuniko kinafungwa utepe mwekundu mtu asikisahau. Nyigu hawachagui."

"Godwin," baba akasema, "leta spana."

Tulilegeza mkanda, tukavua mpira unaounganisha bomba na injini, nikatia jicho kwenye bomba kutoka chini. Nilitegemea kuona mwanga wa mbingu. Niliona giza. Dickson mwenyewe akapanda paani na mwanzi mrefu, akasukuma kwa juu, na vikaanza kudondoka: mabonge ya udongo mkavu yenye vyumba vyumba, yameshikana na pumba, moja kubwa kama ngumi. Baba akaliokota, akaligeuza. Akampa mama, na mama akatoka nalo nje.

Saa yangu ilisema saa nne na robo. Tukarudisha mpira. Baba akashika hendeli, akaiacha, akaichukua simu tena.

"Graundi, kwenu kabla ya kuwasha mnasemaje?"

"Kokpiti anaomba, Graundi anatazama, halafu anajibu."

"Basi naomba kuwasha."

"Subiri, Kokpiti." Nilijua anafanya nini: anatazama kulia na kushoto, anatafuta mtoto, kuku, mtu. "Eneo liko wazi. Washa."

"Ngoja. Na ikishashika? Mnafanyaje? Hapa kelele zikianza hakuna simu."



"Ikishashika, Graundi anachomoa waya," akasema. Ile sauti kavu ilipotea, ikabaki ya Doreen. "Halafu anatoka chini ya ndege, anasimama upande ambapo Kokpiti anamwona. Anainua kile alichokitoa, ili Kokpiti ajue hakuna kilichosahaulika. Kokpiti anapunga mkono. Ndipo ndege inaondoka. Bila hivyo haiondoki. Lakini si lazima hapa. Naweza…"

Baba alikuwa anatazama mlango wa mashine, ulio wazi, na uwanja ulio mbele yake. Mama akasonga mbele nusu hatua, akasimama.

"Utaratibu ni utaratibu," baba akasema, akanipa simu.

Akainua kijiti. Akashika hendeli, kidole gumba kimelala na wenzake. Akazungusha. Injini ikahema mara ya kwanza, mara ya pili, naye akahema nayo, kifua kikipiga kelele, nami nikatamani kumpokea na nikajua nisithubutu. Ya tatu. Ya nne. Akaangusha kijiti.

Pu. Pu, pu. Pu-pu-pu-pu, ikapanda, ikachanganya, gurudumu likawa jeupe kwa kasi, moshi ukatoka mweusi, ukawa wa kijivu, ukaisha. Bati likaanza kutetemeka kama nilivyolijua tangu utoto. Dickson alitupa mwanzi, akashika kichwa kwa mikono miwili, anacheka. Mama alishaanza kumimina gunia.

Baba hakutazama mpunga. Aligeuka mlangoni.

Doreen akatoka nyuma ya ukuta. Alitembea taratibu mpaka katikati ya uwanja, jua likimpiga usoni, akasimama wima na kumwelekea baba. Mkononi alikuwa na lile bonge la udongo, amelifunga kitambaa chekundu alichochana kwenye kanga ya mama, na ncha yake inaning'inia. Akaliinua juu ya kichwa.

Baba akamtazama. Siku ya harusi yetu alitazama kitabu cha nyimbo tangu mwanzo wa ibada mpaka mwisho. Miaka saba ametazama migomba, mlango, viatu vyake. Sasa alimtazama mkamwana wake usoni, bila haraka, kama anavyoitazama injini. Kisha akainua mkono mweusi kwa oili, akaupunga mara mbili. Sioni aibu kusema kwamba nililia.

Hakuushusha mkono upesi. Alinivuta sikio ili nisikie katika ile kelele, akapiga ukelele:

"Godwin! Mbona hukuniambia kwamba ni mfupi hivi?"

Nikavuka uwanja, nikamwambia. Doreen akacheka huku anajifuta macho kwa kile kitambaa chekundu, udongo ukimpaka mashavu.

"Mwambie fundi mrefu hugonga kichwa kwenye tumbo la ndege," akasema.

Nikamtazama yeye, nikamtazama baba aliyesimama mlangoni ameshika sikio kwa mkono, anasubiri jibu lake.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Namba yake unayo."

Nikaenda kuwaambia vijana wa Fuso wafungashe minyororo yao.